Treni Imeshatoka Uvinza? Uchambuzi wa Safari Moja ya Usiku kutoka Nguruka

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi yangu, mama wa miaka sabini na ushee, anaishi kijiji kilicho ndani kidogo kutoka Nguruka, wilaya ya Uvinza, mkoa wa Kigoma. Nyonga yake imechoka. Akikaa kitako zaidi ya saa moja anaumia, na akitikiswa ndiyo kabisa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, Tabora, ilimpangia kuonana na daktari wa mifupa asubuhi ya Alhamisi. Masika ilikuwa imepamba moto. Kwa barabara ile na kwa nyonga ile, habari ya basi haikujadiliwa hata kidogo. Ikabaki treni: daraja la pili kulala, apande Nguruka usiku, ajinyooshe kitandani, ateremke Tabora.

Tuliamua asafiri usiku wa kuamkia Jumatano ili abaki na siku nzima ya akiba kabla ya daktari. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza, na naona ndio uliookoa mengine yote. Mgonjwa anayepanda treni ya masafa marefu wakati wa masika asipangiwe kufika asubuhi ileile ya miadi.

Baada ya hapo likabaki swali moja lililotuweka familia nzima kwenye simu, nalo halikuhusu nauli wala tiketi. Atoke nyumbani saa ngapi? Kutoka kwake hadi stesheni ni mwendo wa bodaboda kwenye njia ya udongo inayokatiza bondeni. Akitoka mapema mno, atakaa kwenye benchi la mbao kwa saa nyingi, usiku, kwenye mbu na manyunyu, na nyonga isiyotaka kukaa. Akichelewa, treni itampita, na inayofuata si ya kesho, kwa kuwa treni ya abiria kwenye reli ya kati haipiti kila siku.

Naandika kwa kirefu kwa sababu najua swali hili linaulizwa kila wiki Usinge, Kaliua, Kazuramimba, Bukene, Malampaka na kwenye stesheni nyingine ndogo ambazo treni husimama dakika chache tu. Watu ratiba wanayo. Wasichokijua ni treni iko wapi saa hii. Na jibu la hilo lipo, tena lipo karibu: liko kwa stesheni masta, ila linategemea umemuuliza nini.

Simu ya kwanza

Tulianza pale anapoanza kila mtu, namba ya huduma kwa wateja ya shirika la reli. Dada aliyepokea alitusaidia vizuri. Alitutajia siku za treni, madaraja, nauli ya Nguruka hadi Tabora, na uzito wa mzigo unaoruhusiwa bila malipo. Nilipomuuliza treni itapita Nguruka saa ngapi usiku huo, alinisomea ratiba, kisha akaongeza neno ambalo ningependa kila msafiri aambiwe: "Ila kwa siku yenyewe, ongea na stesheni."

Hakuwa anatukwepa. Mtu wa ofisini Dar es Salaam anajua yaliyopangwa. Mvua iliyoshuka Malagarasi jioni hii, treni ya mizigo iliyozimikiwa na kichwa, yaani injini, mafundi njia waliosimamisha kila kitu wakague tuta, hayo yanajulikana kwanza kule yalikotokea. Yanafika makao makuu, lakini yanafika kama taarifa ya uendeshaji, na mara nyingi si kwa mtu anayepokea simu za abiria.

Stesheni inajuaje

Hapa panahitaji maelezo, maana ukielewa stesheni inavyofanya kazi, unajua cha kuuliza.

Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilometa 1,250. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli hiyo ya zamani, yenye upana wa mita moja, ni ya njia moja. Treni mbili zinazokuja zikielekeana haziwezi kupishana popote. Zinapishana stesheni, ambako njia hugawanyika, moja ikaingia pembeni kusubiri nyingine ipite. Kwa sababu hiyo usalama wote wa reli umejengwa juu ya makubaliano: treni haitolewi stesheni mpaka ithibitike kwamba kipande cha njia kilicho mbele kiko wazi na kwamba stesheni inayofuata iko tayari kuipokea. Vyombo vya kupeana habari vimekuwa vikibadilika kwa miaka yote hiyo, kuanzia telegrafu hadi simu na redio. Kanuni haijabadilika.

Sasa tazama maana yake kwa abiria. Treni ikitoka Uvinza, stesheni zilizo mbele zinaambiwa, na saa inaandikwa. Ikifika Malagarasi, saa inaandikwa. Ikisimama kupisha treni ya mizigo, inajulikana inasimama wapi na inampisha nani. Stesheni masta wa Nguruka hakisii. Mezani kwake ana kitabu chenye saa za kweli za treni iliyokwisha kupita, na ana njia ya kujua ile inayokuja imeacha stesheni gani. Habari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya abiria. Imewekwa ili treni zisigongane. Ndiyo maana ni ya uhakika kuliko ratiba yoyote, na ndiyo maana haitangazwi mahali mpaka mtu aulize.

Ukiisha kulielewa hilo, unaona pia kwamba swali linalopendwa na kila mtu, "treni inafika saa ngapi?", ndilo swali baya kuliko yote. Unamtaka stesheni masta atabiri. Akikutajia saa na treni ikachelewa, ataonekana mwongo. Kwa hiyo atakujibu kwa tahadhari, "inakuja, subirini," au atakurudishia ratiba uliyokwisha kuisoma. Muulize alichokiona au alichoambiwa na stesheni ya nyuma. Imeondoka Kigoma? Imeshatoka Uvinza, na saa ngapi? Itapishana na treni nyingine njiani? Hayo anaweza kuyajibu bila kuhatarisha neno lake, na hesabu iliyobaki unaifanya mwenyewe.

Namba ilipatikana wapi

Hili ni dogo lakini limewakwamisha wengi. Namba ya stesheni hatukuitafuta mtandaoni. Mtoto wa shangazi alikwenda Nguruka siku ya gulio, akapita dirisha la tiketi, akaikuta imeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Akamwomba karani aihakikishe, akaipiga palepale mbele yake, ikaita ndani. Ndipo akaturushia.

Najua namba nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook kwa jina la stesheni fulani. Nyingine ni za kweli, nyingine ni za watumishi waliokwisha kuhamishwa, na nyingine ni za vishoka wanaosubiri uwatumie hela ya "kushikiwa kitanda". Stesheni inakupa habari bure. Anayetaka umtumie pesa kwenye namba yake binafsi kwanza, kisha tiketi utaikuta, huyo achana naye hata kama anajua majina ya mabehewa yote. Kama huna ndugu wa kwenda dirishani, omba namba kwa huduma kwa wateja, au kwa stesheni kubwa iliyo jirani. Kwa upande ule ni Tabora au Kigoma.

Mchana wa Jumanne

Niliipiga namba ile mchana wa siku ya safari. Nilipokewa na mzee mwenye sauti ya utulivu.

"Shikamoo mkuu. Mimi ni kijana wa hapo Nguruka, nipo Dar. Nina shangazi yangu mgonjwa, anapanda treni ya Tabora usiku wa leo, daraja la pili kulala. Naomba kujua, treni ya kwenda Kigoma imeshapita hapo?"

"Marahaba. Imepita hapa saa 6 mchana. Ilikuwa ipite alfajiri."

"Na hiyo ndiyo itakayorudi?"

"Ndiyo hiyohiyo. Wakifika Kigoma abiria washuke, mabehewa yasafishwe, yajazwe maji, kichwa kizungushwe. Usimtoe mama nyumbani kwa saa za kwenye ratiba. Nipigie usiku, uniulize kama imetoka Uvinza."

Mazungumzo yote hayo hayakuzidi dakika mbili, na yalikuwa na thamani kuliko yote tuliyokuwa nayo mpaka saa ile. Siri iko kwenye swali la katikati. Treni inayokurudisha mashariki ndiyo iliyokuja kutoka mashariki. Kwenye njia ndefu yenye mabehewa machache hakuna treni nyingine imeegeshwa Kigoma ikisubiri saa ya ratiba ifike. Kwa hiyo anayepanda Nguruka kwenda Tabora anaweza kujua saa nyingi kabla kwamba treni yake itachelewa, kwa kuuliza tu ile ya kwenda Kigoma imepita saa ngapi. Sijaona habari hii ikiandikwa kwenye tangazo lolote, na kila mchuuzi wa stesheni anaijua.

Wachuuzi wenyewe wanastahili kutajwa. Akina mama wanaouza chai, maandazi, mihogo na kuku wa kukaanga dirishani mwa mabehewa hawawezi kukaanga kuku saa tano kabla ya treni; atapoa na mafuta yataganda. Wana ndugu na wenzao Uvinza na Kaliua, wanapigiana simu, na wanawasha moto kwa wakati wake. Stesheni isipopokea simu, mama lishe anayeuza karibu na reli ndiye wa kumuuliza baada yake. Habari yake imetoka kwa watu walioiona treni kwa macho.

Usiku gani?

Hapa karibu tuvurugikiwe, na hapakuwa na uzembe wa mtu yeyote.

Tiketi iliandikwa tarehe ya Jumanne, kwa sababu treni inahesabiwa kwa siku inayoondoka Kigoma. Kwa ratiba ingepita Nguruka kabla ya usiku wa manane, ikiwa bado ni Jumanne. Kwa kuchelewa kule ingepita alfajiri ya Jumatano. Shangazi, kama wazee wengi, anahesabu siku tangu jua linapozama. Kwake usiku ule ulikuwa "usiku wa Jumatano", na hivyo ndivyo alivyomwambia mjukuu wake wa bodaboda. Kijana akaelewa Jumatano jioni. Jioni ile ya Jumanne alikuwa anajiandaa kwenda Malagarasi na abiria wengine.

Tukarekebisha kwa simu. Tangu hapo maneno tuliyoyatumia yalikuwa haya tu: "usiku wa leo, kuamkia Jumatano, kabla ya sala ya alfajiri." Ukizungumza na stesheni fanya vilevile. Usiseme "saa nane Jumatano" ukaachia hapo, maana inaweza kuwa mchana au usiku, na usiku wenyewe unaweza kuhesabiwa kwa siku mbili. Saa za kwenye tiketi zikiwa zimechapwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne, zisome kwa sauti kwa Kiswahili kwa mtu anayekwenda kusafiri, kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake mwenyewe.

Usiku wenyewe

Tulikubaliana kwamba usiku atapiga mtu mmoja tu, na ni mtoto wa shangazi aliyeko kijijini. Hili nalisisitiza. Saa ambayo treni inakaribia ndiyo saa ambayo stesheni masta ana kazi nyingi kuliko zote: anazungumza na stesheni za pande zote mbili, anahakikisha njia imewekwa sawa, anatoka na taa. Ndugu wanne wakimpigia kwa zamu kutoka Dar, Tabora, Kigoma na Mwanza kuuliza jambo lilelile, wanamtoa kwenye kazi inayolinda roho za watu, akiwemo mgonjwa wao.

Saa 5 usiku aliambiwa treni imeondoka Kigoma saa 4:30. Akamwacha mama yake alale. Alipopiga tena, swali lilikuwa moja, "Mkuu, imeshatoka Uvinza?" na jibu lilikuwa moja: "Imetoka saa 7:40. Itapisha treni ya mizigo Malagarasi."

Sentensi ile ya pili ndiyo iliyotupa saa ya kutoka. Bila kupishana, mama angetolewa ndani mara moja. Kwa kuwa kulikuwa na kusubiriana Malagarasi, alipewa nusu saa zaidi ya kulala, akanywa uji, akavalishwa sweta, wakatoka saa 8:45. Walifika stesheni kukiwa na muda wa kutosha kupumua. Treni iliingia saa 10:30 alfajiri. Mama aliyekuwa akae kwenye benchi tangu kabla ya usiku wa manane alikaa kitu kama dakika arobaini.

Kuna jambo lingine ambalo hatukuliuliza. Stesheni masta alilileta mwenyewe alipomwona mama anavyotembea. Stesheni nyingi ndogo hazina jukwaa refu linalolingana na mlango wa behewa. Unapandia kutoka kwenye kokoto, na kidato cha kwanza kiko juu sana kwa mtu asiyeweza kunyanyua mguu. Tena treni ni ndefu, inasimama dakika chache, na ukisimama mbele wakati behewa lako liko nyuma utalazimika kukimbia gizani kwenye kokoto. Mzee yule aliwauliza wenzake wa nyuma mpangilio wa mabehewa, akamwambia binamu yangu wasimame upande wa Kigoma, karibu na mwembe. Akamwazima kreti tupu ya soda kwa mama mwenye duka. Behewa la daraja la pili likasimama hatua chache kutoka pale. Kreti ikawekwa chini ya mlango, mkaguzi wa tiketi akashika mkono mmoja, kijana akasukuma kutoka nyuma, mama akawa ndani kabla ya filimbi.

Tangu hapo, kwa kila anayeniomba ushauri, nimeliweka hilo kwenye orodha ya maswali ya simu ya mchana: mabehewa yamepangwaje, langu litasimama upande gani? Kwa kijana ni jambo la kujirahisishia. Kwa mgonjwa, mjamzito, au mama mwenye mapacha na mabegi, ndilo linaloamua kama atasafiri.

Pale njia hii inapokwama

Nisingependa mtu aelewe kwamba simu moja inatosha kila mahali. Vipo vituo ambavyo treni husimama lakini hakuna mtumishi aliyekaa hapo usiku. Kwa vituo hivyo, piga stesheni yenye watu iliyo nyuma yako, upande treni inakotokea, na uulize imetoka saa ngapi. Hiyo iliyo mbele yako haikusaidii, kwa kuwa treni itafika kwako kabla ya kufika kwao. Ni jambo dogo, lakini nimesikia watu wa Usinge wanaokwenda Tabora wakipiga Tabora kuulizia treni inayotoka Kigoma. Tabora watakupa jibu, ila watalazimika kuliulizia huku ilikotoka.

Mtandao wa simu nao una mapengo. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovosi, iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2000 kama eneo la kwanza nchini Tanzania chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ni pana, na watu ni wachache. Abiria aliye ndani ya treni anaweza kuwa chanzo kizuri, na wengi humpigia ndugu aliyepandia Kigoma. Lakini yeye yuko gizani, hajui jina la kituo alichopita saa iliyopita, na akiingia kwenye pengo la mtandao unabaki na habari ya zamani. Mtumie kujua kama kitanda chako kiko huru au behewa limejaa. Kwa habari ya mahali treni ilipo, rudi stesheni.

Linalonisumbua zaidi ni namba zenyewe. Mara nyingi simu inayoitwa ya stesheni ni ya mkononi ya mtu. Zamu ikibadilika anaondoka nayo, akihamishwa Itigi inahamia Itigi, na abiria wa Nguruka wanaendelea kumpigia mtu asiyewahusu tena. Kila stesheni yenye mtumishi ingekuwa na namba yake isiyohama, ikaandikwa mgongoni mwa tiketi inayouzwa kwa kupandia stesheni hiyo, watu wangeacha kulala kwenye kokoto. Gharama yake ni ndogo kuliko balbu za jukwaa. Nalisema kwa moyo wote, kwa sababu wanaolala pale wengi ni akina mama na watoto.

Reli nyingine, habari nyingine

Kwenye SGR, reli mpya ya kisasa, ambako treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, haya yote hayana uzito kama huo. Treni inaongozwa kwa mitambo kutoka kituo kimoja, saa zinaonekana kwenye mbao za stesheni, na kinachojulikana Dar ndicho kinachojulikana Morogoro. Mbinu za Nguruka ni za reli ambayo taarifa bado inapita mdomoni kwa mtu hadi kwa mtu.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina jambo lake la pekee ambalo msafiri wa Mbeya na Tunduma asilisahau. Reli ile ya kilometa 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, Zambia, na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukipiga stesheni ya ng'ambo ya mpaka kuulizia treni inayokuja Tunduma, uliza saa wanayokutajia ni ya Zambia au ya Tanzania. Ukinyamaza, kila mmoja atadhani ni ya kwake.

Na kwa wanaosafiri kutoka Dar kwenda bara kwa reli ya zamani wakati wa mvua, stesheni za kuuliza ni Kilosa na Gulwe. Kati ya hizo mbili njia inafuata bonde la mto Mkondoa, na mto huo umeikata reli mara nyingi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba tuta na madaraja kiasi kwamba treni za bara zililazimika kuanzia Dodoma. Mvua kubwa Kilosa ni habari ya mtu aliyeko Nguruka pia. Treni ikikwama Gulwe kwenda, ya kutoka Kigoma kurudi nayo itachelewa.

Kurudi

Daktari alimwona Alhamisi, akampa dawa na mazoezi, akamtaka arudi baada ya miezi mitatu. Safari ya kurudi ilikuwa na hesabu tofauti, kwa sababu Tabora ni njia panda. Kutoka hapo reli inakwenda Kigoma, na nyingine iliyokamilika mwaka 1928 inakwenda Mwanza. Mbele kidogo, Kaliua, inachomoka ile ya kilometa 210 kwenda Mpanda. Ukiuliza Tabora "treni imefika?" utaambiwa imefika, na huenda ni ya Mwanza.

Dada yangu anayeishi Tabora alikwenda dirishani mwenyewe. Hakuuliza treni ya Kigoma itaondoka saa ngapi. Aliuliza treni ya kutoka Dar ya kwenda Kigoma imeacha stesheni gani. Karani akaangalia, akamwambia imepita Manyoni asubuhi, bado Itigi haijatoka. Kutoka Itigi hadi Tabora ni nyika ndefu. Dada akarudi nyumbani, akapika, wakala, mama akalala mchana kutwa. Jioni alipiga tena, akaambiwa imetoka Goweko, wakaita bajaji.

Kule Nguruka mtoto wake alimpigia stesheni masta kuuliza kama imetoka Usinge, na akamwomba mama mwenye duka ile kreti ya soda.